Mama Anakula Amesimama

Jagrani Tharu alikuwa mtu wa hasira, na yeye mwenyewe hakulificha hilo. Kijijini kwao Bardiya, huko Nepali, kando ya mto Karnali, watu walimpisha njia asubuhi kama wanavyompisha nyati mwenye ndama. Mumewe Phirulal, mpole asiyejua hata kumfukuza mbwa wa jirani, alikuwa akimpa chai na kumuuliza, "Leo zamu ya nani?" Naye hujibu bila kucheka, "Bado sijaamua."

Lakini hasira ile ilikuwa na mzizi wake. Jagrani alipokuwa mtoto wa kuchezea vumbi, baba yake hakuwa na hata kipande cha shamba. Sikukuu ya Maghi ikafika, mwaka mpya wa kabila lao la Watharu, katikati ya baridi ya Januari. Wenzao wakachinja nguruwe, wakanywa pombe ya mchele na kucheza ngoma, ila baba yake alimshika mkono akampeleka mjini Nepalgunj, akamwacha kwenye nyumba ya mwenye ardhi. Mapatano yalikuwa ya kawaida wakati ule: familia ipewe shamba ilime kwa nusu ya mavuno, na binti awe kamlari, mtumwa wa jikoni mwao, Maghi mpaka Maghi. Hakuna aliyeona ajabu. Nyumba nyingi za Watharu zilikuwa na binti aliyeliwa na mji namna hiyo.

Alirudi akiwa msichana mkubwa asiyejua a wala be. Akaenda shule, akakalishwa na watoto wa darasa la kwanza, magoti yakigonga meza. Watoto wakamwita Bibi. "Bibi, umekuja kumchukua mjukuu?" Wa kwanza aliyemuuliza hivyo, Jagrani alimzaba kofi. Wa pili alimfundisha kujumlisha, maana yule mtoto alikuwa hajui na Jagrani alikuwa ameshajua. Hivyo ndivyo alivyoanza ualimu.

Sasa alikuwa mwalimu wa maarifa ya jamii darasa la nane, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na mkataba wenyewe ulikuwa mikononi mwa mwalimu mkuu, Tikaram Upadhyaya. Tikaram hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Jagrani kuliko yote. Mtu mbaya unajua pa kumshika. Tikaram alikuwa mtu wa kutabasamu, mwenye shali safi shingoni, anayekubaliana na wewe mpaka unapotoka mlangoni.

Halmashauri iliwaletea kompyuta chache na projekta moja. Walimu wakaitwa semina, wakafundishwa namna ya kumfanya mwanafunzi asimulie maisha yake mwenyewe kwa kompyuta: picha zake, sauti yake, dakika tatu, basi. Wenzake Jagrani walisinzia. Yeye alirudi macho makavu, akawaambia watoto wa darasa la nane, "Kila mmoja ataniletea hadithi yake."

Wakaleta. Akakaa nao chumbani, shuka jeupe limetundikwa ukutani, akaangalia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote zilikuwa na mlima wenye theluji, bendera inayopepea, na sauti ya mtoto akisoma kwa kasi kama anafukuzwa: "Nchi yetu Nepali ni nchi ya milima mirefu na watu wenye upendo."

Jagrani akafunga kompyuta kwa nguvu.

"Mmeuona wapi mlima, nyie?" akawauliza. "Wewe Dilip, kilima kirefu ulichopanda maisha yako yote ni kichuguu."

Darasa likacheka. Dilip naye akacheka.

"Hizi picha zenu ni za mtandaoni, maneno ni ya kitabuni. Ninyi wenyewe mko wapi humu? Nimemtafuta Dilip, sijamwona. Nataka kitu ambacho usipokisema wewe, hakuna mtu mwingine duniani atakayekisema. Mwenye kuniletea mlima tena, nitampandisha kwa miguu."

Mambo yakabadilika. Dilip akaleta hadithi ya tembo aliyetoka msituni, akabomoa ukuta wa ghala, akanywa mtungi mzima wa pombe ya bibi yake, kisha akalala uani mpaka jua likawa kali, na familia nzima ikabaki ndani ikikojoa kwenye ndoo. Msichana mwingine akaleta hadithi ya baba aliyeko Qatar. "Baba yangu," alisema, "ni mtu wa kiganjani, wa ndani ya simu. Namjua kuanzia kifuani kwenda juu." Darasa lilicheka kwa ile, likanyamaza kwa hii. Jagrani alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuwa amekasirika na mtu.

Pabitra alikuwa wa mwisho. Alikuwa mtoto mkimya, wa kukaa karibu na dirisha, na alikuwa ametengeneza yake peke yake kwa simu ya shangazi yake. Kichwa chake kilikuwa: Kwa nini mama anakula amesimama.

Picha ya kwanza ilikuwa sahani ya wali na mchuzi wa dengu. Ya pili, baba na watoto wamekaa chini wanakula. Ya tatu ilikuwa mama yake, Lahani, amesimama nyuma ya mlango wa jiko, sahani mkononi, mgongo ukutani, anatafuna akiangalia pembeni kama anayengoja kuitwa. "Nimemwona hivi tangu nizaliwe," ilisema sauti ya Pabitra, ndogo, na chini yake filimbi ya huzuni ikilia. "Nilidhani akina mama wote wanakula hivyo. Halafu shangazi akaniambia. Mama alikuwa kamlari. Huko walikuwa hawamruhusu kukaa." Picha ya mwisho ilikuwa lango la chuma la rangi ya kijani, na kando yake kibao cha shaba chenye jina la ukoo. Pabitra alikuwa amekwenda na shangazi yake Nepalgunj kununua vitambaa, wakapita pale, akapiga.

Jagrani akatoka nje mpaka kwenye pampu ya maji. Hakulia, hakuwa mtu wa kulia. Aliipiga ndoo teke ikaviringika mpaka kwenye mguu wa mtoto mmoja mwembamba wa darasa la tatu, akamwomba radhi, akarudi darasani.

"Pabitra," akasema, "hiyo itaoneshwa siku ya wazazi. Mbele ya watu wote."

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Jagrani hakumuuliza kingine.

Tikaram alipoziona hadithi zote ili achague za siku ya wazazi, alicheka sana kwa tembo, akapangusa jicho kwa baba wa Qatar. Lilipotokea lango la kijani, tabasamu likamkauka.

"Madam. Hili lango nalijua."

"Mimi pia nalijua. Kila mtu analijua."

"Ni kwa kina Shahi."

"Ndiyo."

"Rajan Shahi ndiye mgeni wetu wa heshima." Tikaram akaishusha sauti, ingawa ofisini walikuwa wawili tu. "Kampuni yake ndiyo inatujengea madarasa. Nguzo zimesimama, paa bado. Unataka watoto wanyeshewe?"

"Nataka mtoto asimulie maisha ya mama yake."

"Asimulie! Nani kamkataza? Toa lango tu. Weka ua. Weka hata ng'ombe."

"Mama yake hakufanyishwa kazi na ng'ombe, Mkuu."

Tikaram akakuna shingo chini ya shali. "Unajua, nikifikiria vizuri, afadhali tuiache yote. Inahuzunisha. Siku ya wazazi ni siku ya furaha. Hasira hasara, madam, wewe mtu mzima unalijua hilo."

"Hasara ya nani?" akauliza Jagrani. "Miaka yote hii hasira ni yetu na hasara ni yetu. Hebu mara moja tugawane."

"Mkataba wako unakwisha mwezi wa nne," akasema Tikaram, kwa upole, kama mtu anayekukumbusha mwavuli wako. Kisha akainuka kwenda kukagua vyoo.

Damu ilimchemka Jagrani siku nzima. Alitembea kwenda nyumbani akizungumza peke yake, akitunga maneno ya kumwambia Tikaram, ya kumwambia Shahi, ya kumwambia hata bwana wake mwenyewe wa Nepalgunj, aliyekwisha kufa, ambaye yeye Jagrani alimfulia nguo za ndani utoto wake wote. Alikuwa na majibu ya kila mtu. Hakuna aliyemkumbusha kwamba kulikuwa na mmoja ambaye hajaulizwa swali.

Huyo mmoja alikuja mwenyewe. Ilikuwa saa ya mapumziko, watoto wamejaa uani, Lahani akaingia getini kutoka shambani, miguu ina vumbi, mundu wa kukatia dengu umechomekwa kiunoni. Hakuwa mwanamke mkubwa, lakini watoto walimfungulia njia.

"Mwalimu yuko wapi? Yule mwenye hasira."

"Niko hapa, dada Lahani. Karibu, kaa."

"Sikai." Akasimama mbele yake. "Jana nachota maji, watoto wa jirani yangu Manglu wananiimbia. Mama anakula amesimama, mama anakula amesimama. Nikafikiri, haya wameyatoa wapi? Kumbe shuleni! Kumbe nimewekwa ukutani na sahani yangu! Nani alikuruhusu?"

Jagrani akafungua kinywa. Majibu yake yote aliyoyatunga njiani yalikuwa ya watu wengine.

"Pabitra ndiye aliye..."

"Pabitra ni mtoto! Ningemwuliza Pabitra ningekuja na fimbo. Nimekuja kwako wewe mtu mzima. Wewe ulikuwa kamlari kama mimi. Wewe ungefurahi mtu akikupiga picha unapokula?"

"Hapana," akasema Jagrani.

"Basi?"

"Basi nimekosa, dada. Nilikuwa nagombana na mkuu kwa ajili yako, na wewe mwenyewe sikukuuliza."

"Kwa ajili yangu!" Lahani akatema mate pembeni. "Watu wanaogombana kwa ajili yangu sijapata kuwaona wakiniuliza hata mara moja. Haya, nioneshe."

Wakaingia darasani. Pabitra aliitwa, akaja amejikunyata, akasimama mbali na mundu. Jagrani akawasha. Lahani akaiangalia bila kupepesa, sahani, baba na watoto, yeye mwenyewe nyuma ya mlango, lango la kijani. Filimbi ikalia mpaka mwisho.

"Hiyo filimbi inalilia nini?" akauliza.

"Ni muziki tu, mama," akasema Pabitra. "Umo humo kwenye simu. Unaleta hisia."

"Hisia za nani? Nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Itoe. Na wewe mbona unaongea kama unaombea sadaka? Mama yangu maskini, mama yangu maskini. Watu wataniangalia wanione kama kuku aliyenyeshewa. Mimi sikuwa na huzuni, mtoto wewe. Huzuni ni ya watu wenye nafasi ya kukaa. Mimi nilikuwa na hasira!"

Jagrani alihisi kitu kimemgonga mbavuni, kama mtu anapoitwa jina lake katika mji wa ugenini.

"Dada," akasema taratibu, "unataka tuifute? Ukisema tufute, nafuta sasa hivi, na mkuu atanishukuru."

Lahani akafikiri. Akautoa mundu kiunoni akauweka juu ya meza ya mwalimu.

"Mnaingizaje sauti humo?"

Wakafunga madirisha ili kelele za uani zisiingie. Pabitra akampa mama yake simu, naye akaishika kama anashika kaa la moto, mbali na uso. Akaambiwa ailete karibu. Akaanza kwa Kitharu, lugha ya nyumbani, si Kinepali cha shuleni, na hakuna aliyemwambia abadilishe.

"Mimi ni Lahani. Katika nyumba ile sikuwa na jina, niliitwa wee. Mke wa bwana mwenye nyumba, Jagat Shahi, alikuwa akisema kamlari akikaa kula anasahau kuinuka. Kwa hiyo nilikula nimesimama, nyuma ya mlango, sikio liko barazani. Nikiitwa, naacha tonge. Nikirudi, paka ameshalila. Hata leo nikikaa chini, chakula hakipiti. Si kwamba nawaogopa. Ni mwili, mwili haujaambiwa kwamba mambo yamekwisha. Na nikiosha vyombo vyao, nilikuwa natema mate kwenye maji ya kuoshea."

"Mama!" Pabitra akaziba mdomo. "Hilo usiseme!"

"Nimeshasema. Limeingia?"

Pabitra akaangalia simu. "Limeingia."

"Liache humo humo."

Akaendelea. Alisema jinsi alivyombeba mtoto wa nyumba ile mgongoni, akamfundisha kutembea, na jinsi mtoto yule alivyojifunza naye kumwita wee kabla hajajua kusema maji. Alipomaliza, alirudisha simu, akachomeka mundu wake kiunoni. Pabitra alikuwa analia, kwa kuwa baadhi ya mambo yale hata shangazi hakuwa akiyajua.

"Usilie, una kazi," mama yake akamwambia. "Tafuta picha inayofaa. Ile ya sahani iache humo. Ya nyuma ya mlango iache pia, mradi sasa nimesema mwenyewe. Nawahi dengu."

Siku ya wazazi uwanja wa shule ulipambwa kwa karatasi za rangi. Akina mama wa Kitharu walikuja na dhikri, vile vitumbua virefu vya unga wa mchele vilivyopikwa kwa mvuke, na kachumbari ya pilipili ya kutoa machozi. Rajan Shahi alishuka kwenye gari jeupe, kijana mnene wa uso mzuri, akavishwa maua shingoni mpaka kidevu kikafichika. Alikuwa na adabu. Aliwasalimu wazee kwa mikono miwili. Jagrani alimtazama akatafuta ubaya usoni mwake, hakuuona, akazidi kukasirika.

Walioneshwa tembo. Walioneshwa baba wa Qatar, na mwingine, na mwingine. Tikaram akachukua kipaza sauti, akaanza kumshukuru mgeni wa heshima kwa madarasa, akisema ukarimu kama huu haujawahi kuonekana. Ya Pabitra haikutajwa. Jagrani alikuwa amekaa kando ya projekta, meno yameumana hata taya zikauma. Alikuwa amemwahidi Lahani kwamba safari hii hatasema kwa niaba ya mtu.

Lahani akasimama katikati ya akina mama.

"Bado ya binti yangu," akasema.

"Muda umekwisha, mama," Tikaram akajibu akitabasamu. "Chakula kinapoa."

"Dhikri haipoi. Bado ya binti yangu."

Minong'ono ikapita. Rajan Shahi akageuka, akamwona mwanamke mwembamba wa kitambaa kichwani, akacheka kwa ukarimu wa mtu aliyevishwa maua. "Mwalimu mkuu, tuione tu. Mambo ya watoto haya, yanachukua muda gani? Mwacheni mama afurahi."

Tikaram akamwangalia Jagrani kwa macho ya kuomba. Jagrani akabonyeza.

Safari hii hapakuwa na filimbi. Ilikuwa sauti kavu ya Lahani peke yake, ikitoka kwenye spika kubwa la kukodi, na kwa kuwa ilikuwa kwa Kitharu, akina mama waliielewa kabla ya walimu. Ilipofika kwenye mate na maji ya kuoshea vyombo, mwanamke mmoja mzee akaguna, "Mimi nilitemea kwenye maziwa," na uwanja mzima wa akina mama ukaangua kicheko ambacho Jagrani hakuwahi kukisikia maishani mwake. Hakikuwa cha furaha. Kilikuwa kama mbao zinapong'olewa misumari.

Rajan Shahi alikulia katika nyumba yenye kamlari, Kitharu alikielewa. Lango la kijani lilipotokea, mkono wake ulikuwa shingoni, unayavua maua moja moja.

Projekta ilipozimwa, akasimama. Aliheshimika kwa hilo. Angeweza kuondoka tu. "Mama yangu ni marehemu," akasema, "hawezi kujitetea. Lakini mimi nakumbuka. Mama alimpenda huyu kama binti yake mwenyewe."

"Binti yake alikuwa dada yako Kabita," Lahani akasema kutoka kule alikokuwa. Hakupaza sauti. "Kabita alikula mezani, bwana mdogo. Nilikuwa nampangusia kiti. Sasa mimi nilikuwa binti yupi?"

"Nilikuwa mtoto," Rajan akasema.

"Ulikuwa mtoto, ndiyo. Mzito. Nilikubeba."

"Hayo ni ya zamani. Sheria imebadilika, kamlari amekatazwa, sote tumefurahi."

Hapo ahadi ya Jagrani ikamponyoka. Akainuka. "Sheria imebadilika, mheshimiwa. Na yale mashamba tuliyokuwa tunayalipia kwa watoto, mpaka leo yanalimwa kwa jina la nani?"

Swali lile halikupata jibu siku ile, na mpaka sasa halijapata. Rajan Shahi aliinamisha kichwa kuaga, akaingia kwenye gari lake bila kuonja kitu. Maua yakabaki juu ya kiti. Mbuzi wa jirani wa shule akayala.

Hasara ikaja, kama alivyotabiri Tikaram. Kompyuta zilifungiwa kabatini ofisini, kwa usalama, ikasemwa. Mwezi wa nne mkataba wa Jagrani haukuandikwa upya. "Si kwa sababu ya lile," Tikaram alimwambia akimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nafasi zimepungua. Wewe ni mwalimu mzuri mno, madam, mno."

"Nafasi imepungua moja, au nimepungua mimi?"

Akatabasamu, akatazama vyoo.

Kilichomuuma Jagrani zaidi alikijua baadaye, kwa fundi aliyekuwa akipiga paa. Yale madarasa yalikuwa yakijengwa kwa fedha za serikali tangu jiwe la kwanza. Shahi alikuwa mkandarasi wa kulipwa, si mfadhili. Paa likapigwa, watoto hawakunyeshewa, na kwenye ukuta mpya jina la Shahi likaandikwa kwa rangi nyekundu kama mtu aliyetoa zawadi. Tikaram aliogopa kivuli, akamtupa mwalimu kwa ajili ya kivuli. Jagrani alipolisikia hilo alitoka mpaka ukingo wa mto akapiga kelele, na wavuvi wakainua nyavu wakidhani mtu amezama.

Mvua zilipoanza hakuwa na kazi, akaenda kupandikiza mpunga kwenye kishamba cha Lahani, wawili wameinama, maji ya matope magotini. Lahani hakuwa amebadilika. Mumewe alimnunia siku kadhaa kwa aibu, kisha akachoka kununa. Saa ya kula Lahani akachukua sahani yake akasimama nayo pale pale kwenye tuta.

"Hukujaribu kukaa?" Jagrani akamuuliza.

"Umekuja kupanda au kunikagua?"

Lakini Pabitra alikuwa hakamatiki. Wanawake wa kijiji na wa vijiji jirani walikuwa wakimwita uani kwao na simu ya shangazi yake, na yule mtoto mkimya wa dirishani akageuka kuwa mkali kuliko afisa wa uhamiaji. "Shangazi, umelia, maneno hayasikiki. Anza upya." "Bibi, usiniambie ya kitabuni. Wewe ulikuwa wapi?" Kulikuwa na mzee mmoja ambaye hakutaka kusimulia chochote. Alitaka kumtukana tu tajiri wake wa zamani, kwa jina, dakika zote tatu. Pabitra alimrekodi mpaka mwisho, akamwekea picha ya mikono yake.

"Ile si hadithi," Jagrani alimwambia alipooneshwa, akijaribu kuwa mwalimu.

"Ni yake, madam," akasema Pabitra. "Alisema aliingoja sana."

Jagrani akaisikiliza tena, matusi yale yote, mengine ya zamani mno hata hayatumiki. Akaona hakuna la kuondoa.

Baada ya mvua akapata shule nyingine, ng'ambo ya Karnali, shule ndogo ya ukuta wa udongo, mwendo mrefu kwa baiskeli kupitia daraja refu. Mwalimu mkuu wa pale alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimkaribisha kwa chai, akamwangalia kwa muda.

"Habari zako zimefika kabla yako," akasema. "Wanasema una hasira."

"Wamesema kweli. Kwa hiyo tusipotezeane muda."

"Ila mimi sina cha kukupa. Hapa hatuna projekta, hatuna kompyuta hata moja."

"Watoto je, mnao?"

Yule mama akacheka mpaka chai ikamwagika. Jagrani hakucheka, alikuwa anauliza kweli. Akaoneshwa chumba cha darasa la saba, akaenda, na kutoka ofisini mwalimu mkuu akamsikia akipaza sauti yake ya kwanza katika shule ile: "Nani kachora mlima kwenye huu ubao?"